Vali za Mwalimu Alinga

"Hii si sauti ya baba," Derrick alisema, akaiweka amplifaya juu ya meza ya kazi kwa uangalifu wa mtu anayerudisha mtoto aliyebadilishiwa hospitalini.

Omagor alikuwa ameinamia redio ya dereva mmoja wa lori, chuma cha kulehemu mkononi, moshi mwembamba ukimpanda puani. Alikilaza chuma kwenye kishikio chake, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Imekufa tena?"

"Haijakufa. Inaimba. Lakini huyo anayeimba simjui."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda ilikuwa imefika hadi mbele ya kibanda cha Omagor pale Malaba. Omagor aliitazama amplifaya ile, sanduku la chuma la rangi ya kijivu lililomshinda mtu mmoja kulibeba kwa mbali. Aliifahamu vizuri. Wamishonari waliokuwa wakirudi kwao walimwachia Mwalimu Alinga, baba yake Derrick, na mwalimu akaitumia miaka yote aliyofundisha kwaya kule Adungosi. Haikuwa na vitu vidogo vidogo vya siku hizi. Ndani yake mlikuwa na vali tano, chupa za kioo zenye waya unaowaka mwekundu kama makaa ya jioni, na humo ndimo sauti ya kaseti ilimopita ikakua kabla ya kutokea kwenye spika. Mwalimu alifariki mwaka juzi. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, mjane wake, Mama Zilpa, aliweka kaseti ya kwaya ya zamani akamsikiliza mumewe akiimba besi. Majuma matatu yaliyopita mashine ilizimika katikati ya wimbo. Omagor, ambaye ndiye fundi pekee kutoka Malaba hadi Bumala aliyekuwa bado anagusa vali, aliifufua na kuirudisha.

"Mzee, nimeuliza watu," Derrick alisema. Alikuwa kijana mrefu, mwenye pikipiki yake mwenyewe na adabu aliyoirithi kwa baba, ila leo adabu hiyo ilikuwa imekazwa kama kamba. "Hizi vali za zamani zina soko. Watu wa ng'ambo wanazililia. Hata hapo Busia kuna mtu ananunua."

"Na mimi nimemuuzia?"

"Sijasema umeuza. Nasema zilizomo humu si zile."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama anasema afadhali ungemwachia ile iliyokufa." Derrick alitoa kaseti mfukoni, akaiweka kando ya amplifaya. "Jumapili tuna maombi ya kumkumbuka. Kwaya yote inakuja. Nimekuletea hii ujisikilizie. Kama ni mchezo umechezwa, bado kuna nafasi ya kurudisha. Baada ya Jumapili tutaongea kwa chifu."

Akawasha pikipiki, akaenda.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati, Hasina alikohoa. Alikuwa akiuza vitenge pale kwa miaka kumi na mmoja, na mabati yale hayakuwahi kumficha mtu jambo. "Achana naye, Baba Asekenye," alisema. "Uchungu ndio unaongea."

Siku nyingine Omagor angecheka. Leo hakucheka. Moyoni alikuwa ameshaanza kurudi nyuma siku moja moja, kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu.

Alifungua amplifaya. Zile vali zilisimama kwenye safu yake, mbili kubwa na tatu ndogo, maandishi yake yamefutika kwa joto la miaka. Hakuwahi kuandika alama yoyote juu yake. Nani huweka alama kwenye meno ya mgonjwa wake? Alizitazama zile kubwa akajiuliza kama kioo chake hakikuwa na moshi zaidi zamani. Kadiri alivyozitazama ndivyo zilivyozidi kuwa ngeni. Akaingiza kaseti kwenye mashine yake ya kaseti, akaunganisha waya, akasubiri zipate moto.

Kwaya iliimba. Kila neno lilikuwa wazi, kila sauti mahali pake, safi kama vyombo vilivyooshwa. Na Derrick alikuwa amesema kweli. Besi ya Mwalimu Alinga, ambayo Omagor aliisikia kwa masikio yake makanisani na matangani, ilikuwa imekonda. Ilikuwa sauti ya mtu anayeimba akiwa amesimama nje ya mlango.

Basi kuna mtu aliyezigusa.

Siku ambayo hilo lingewezekana ilikuwa moja tu. Alhamisi ile aliyokwenda Nangina kumwona dada yake hospitalini, amplifaya ilibaki mezani ikiwa wazi, na ufunguo wa kibanda ukabaki kwa Hasina kama ilivyokuwa desturi yao. Na yule mtu wa Busia anayenunua vali, ambaye Derrick hakumtaja jina, alikuwa Sulaiti. Sulaiti alikuwa mtoto wa mjomba wake Hasina.

Wazo hilo lilipomwingia Omagor alilionea aibu. Lakini halikutoka. Lilikaa pale likatafuta pa kulala.

Saa sita alizunguka mabati. Hasina alikuwa ameketi na ungo mapajani, akichambua mchele.

"Mama Fahad, siku ile nilipokwenda Nangina, kuna mtu aliingia kwangu?"

"Watatu. Mmoja alileta simu, nikamwambia arudi kesho. Wawili walichukua redio zao."

"Sulaiti hakupita?"

Kidole cha Hasina kilisimama juu ya mchele. "Alipita. Alileta salamu za shangazi. Alikaa hapa, akakunywa chai, akaenda."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba ndugu yangu amekunywa chai?"

Omagor alitazama chini. Angeweza kunyamaza hapo. Badala yake alisema, "Na wewe ulikuwa hapa muda wote? Hukutoka hata kidogo?"

Hasina aliuweka ungo chini. Alimwangalia kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma barua mara ya pili ili ahakikishe ameielewa.

"Nilitoka kuswali," alisema. "Nikafunga. Ufunguo ulikuwa kwa mkono wangu."

Akaingia ndani, akatoka na ule ufunguo, akaenda kuuweka juu ya meza ya Omagor kando ya amplifaya. Aliporudi alikigeuza kiti chake, mgongo ukaelekea mabati. Siku nzima mabati yale hayakupitisha neno, na kwa mara ya kwanza Omagor alisikia jinsi kibanda chake kilivyokuwa kimya.

*

Kesho yake alikwenda Busia.

Duka la Sulaiti lilikuwa nyuma ya soko, limejaa mizoga ya televisheni, mafungu ya nyaya za shaba, na feni zisizo na mapanga. Sulaiti mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, alikuwa akifungua mota kwa bisibisi. Omagor alimsalimia, huku macho yake yakipita kwenye rafu kama ya askari.

"Fundi, unatafuta kitu au unatafuta mtu?" Sulaiti aliuliza bila kuinua kichwa.

"Natafuta vali."

"Za nani?"

Sulaiti akaiacha mota, akaingia ndani, akarudi na katoni. Vali zilikuwa zimefungwa moja moja kwa magazeti. Alichagua, akafungua mbili kubwa na tatu ndogo, akazipanga mezani. Zilikuwa jamaa moja na zile za Mwalimu.

"Hizi zilitoka kwa redio ya shule moja upande wa Uganda, mwaka jana," alisema. "Hasina alinipigia simu jana. Hakulia, lakini nilimsikia. Sasa wewe chukua hizi, enda uzijaribu. Zikiimba kama zile za mwalimu wenu, basi nilikuibia, na uje na polisi. Zisipoimba, nirudishie, halafu unyamaze."

"Unaniamini nazo?"

"Mtu mmoja lazima aanze," Sulaiti alisema, akarudi kwenye mota yake.

Omagor alitoka na furushi la magazeti. Upande wa pili wa njia, mbele ya duka la mbegu, alisimama Naliaka, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Adungosi. Macho yao yalikutana. "Fundi! Hata wewe uko huku?" alisema, na macho yake yakahama kutoka uso wa Omagor hadi furushi, kisha hadi mlango wa Sulaiti. Bila kufikiri, Omagor aliliingiza furushi ndani ya koti. Mkono ulipomaliza kazi hiyo ndipo alipojua ulichokifanya.

*

Ijumaa asubuhi alichomoa vali kubwa za Mwalimu akachomeka za Sulaiti. Akasubiri joto. Kwaya iliimba, safi, kavu, imesimama nje ya mlango.

Akachanganya, moja ya Mwalimu na moja ya Sulaiti. Hali ile ile. Akabadilisha ndogo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akabadilisha zote tano. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Vali za shule ya Uganda na vali za misheni ya Adungosi, ambazo hazikuwahi kuonana, ziliimba kwa koo moja.

Omagor akakaa juu ya kreti.

Fundi aliyemfundisha kazi ujanani, mtu wa Posta aliyekuwa na subira kidogo na maneno machache, alikuwa akisema kwamba vali haina sauti yake mwenyewe. Ina nguvu tu. Sauti ni ile ambayo saketi, mtandao wote wa waya na vipande vyake, imeiruhusu. Ipe rezista nyingine miguuni, ibadilishie kapasita, ipangie njia nyingine ya waya, na vali ile ile ya jana itakuimbia kama mgeni. Omagor alikuwa amelijua jambo hilo miaka arobaini. Alipoambiwa kuna mwizi, alilisahau ndani ya siku moja.

Alizima umeme. Alisubiri hadi umeme uliolala ndani ya kapasita uishe, akaupima, akaupima tena, kisha akaipindua amplifaya na kuinama juu ya tumbo lake, mkono mmoja mfukoni kama alivyofundishwa, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua.

Viungo vya kulehemu vya zamani vilikuwa vya kijivu, vimefifia. Viungo vyake yeye viling'aa, na vilikuwa vitatu. Viwili vilikuwa vya kapasita iliyopasuka, ile iliyoizima mashine. Cha tatu alikitazama kwa muda kabla ya kumbukumbu kuja.

Kulikuwa na waya uliotoka mwisho wa safari, pale sauti inapoiendea spika, ukarudi hadi mguuni pa vali ya kwanza. Aliukuta umeachia. Mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko ulionyesha mahali pake, naye akaulehemu bila kuuliza, akajisifu kidogo moyoni kwa kuwa hakuna fundi mwingine ambaye angeuona. Kazi ya waya huo ilikuwa kuchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka na kuirudisha mlangoni, mashine ijisikie yenyewe, na kila ilipozidisha ipunguze. Waliobuni saketi ile walitaka sauti safi. Ukiukata waya, sauti inakua, inafura pembeni, na nyuma yake unabaki mvumo.

Lakini haukuwa umekatika wenyewe. Sasa alikumbuka vizuri. Ncha yake ilikuwa imeviringishwa uzi mwekundu wa kushonea, mzunguko baada ya mzunguko, usiguse chuma, na mwisho uzi ukafungwa fundo. Aliukata uzi ule akautupa, akidhani ni ufundi wa kubahatisha wa mtu asiyejua. Mtu asiyejua hafungi fundo dogo namna ile.

Alirudisha vali za Mwalimu, akapasha chuma, akaiyeyusha risasi ya kulehemu aliyokuwa ameiweka mwenyewe. Waya ukainuka. Akaufunga kwa utepe, akaiwasha mashine.

Kwanza ulikuja mvumo, wa chini, kama nyuki walio ndani ya ukuta. Kisha Mwalimu Alinga akaingia na besi yake, nzito, yenye mikwaruzo, akakijaza kibanda mpaka misumari kwenye kopo ikatetemeka. Omagor aligeuka kuelekea mabati ili aseme, "Mama Fahad, umesikia?" Akakumbuka, akafunga mdomo. Upande wa pili kiti kilisogea.

*

Jumapili alifika Adungosi mapema, kabla watu hawajatoka kanisani, amplifaya mapajani juu ya boda boda. Mama Zilpa, mwanamke mnene mwenye mwendo wa polepole, hakuwa amekwenda ibada. Alikuwa akipanga viti. Alimpokea kwa salamu ya Kiteso, "yoga" ya heshima, pasipo tabasamu. Derrick alisimama mlangoni.

Omagor aliunganisha, akawasha. Mvumo ulipoanza, kabla kwaya haijafungua kinywa, Mama Zilpa aliketi kwenye kiti alichokuwa amekishika.

"Ndiyo huyo," alisema. "Alikuwa anavuma hivyo kwanza. Hii yako ilikuwa inaanza ghafla tu, kama mtu asiyebisha hodi."

Walisikiliza wimbo mzima. Kisha Derrick akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo umezirudisha."

"Nimerudisha nini?"

"Vali. Naliaka alikuona Alhamisi, Busia, unatoka kwa Sulaiti na furushi. Ulificha kwa koti." Alimgeukia mama yake. "Si mama unasikia? Sauti imerudi siku tatu baada ya yeye kwenda huko. Sisi si wajinga."

Omagor alikuwa amekuja na ushahidi wa kutokuwa na hatia, na ushahidi ule ule ulikuwa umegeuka ukasimama upande wa pili. Akamkumbuka Hasina na ungo wake. Hivi ndivyo naye alivyojisikia siku ile.

"Mama, nipe ruhusa nikuonyeshe," alisema.

Aliilaza amplifaya ubavu, tumbo wazi, ingali inaimba. "Derrick, simama mbali kidogo. Umeme wa humu haujui mwenyeji." Akafungua utepe, akaushika ule waya kwa koleo yenye mpini wa mpira, akaugusisha mahali ambapo alikuwa ameulehemu. Spika ilidundisha kidogo. Mvumo ukafa. Mwalimu Alinga akakonda, akatoka nje ya mlango. Akauondoa waya: mwalimu akaingia tena. Akaugusisha, akauondoa. Vali zilikuwa zile zile, zinawaka mbele ya macho yao, hakuna aliyezishika.

"Fanya tena," Mama Zilpa alisema.

Akafanya tena.

"Mimi ndiye niliyeuunga," Omagor alisema. "Niliona umekatwa, nikadhani naurekebisha. Sikuuliza. Kosa ni hilo. Vali hazijatoka humu hata siku moja, isipokuwa mkononi mwangu nikizipima."

"Na nani aliukata?" Mama Zilpa aliuliza.

"Mwalimu mwenyewe. Aliufunga na uzi, vizuri sana."

"Uzi wa rangi gani?"

"Mwekundu."

Mama Zilpa alitazama ukutani palipokuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa. "Alikuja pale akaniomba uzi," alisema. "Nikasema nipe hiyo shati nikushonee kifungo. Akasema, hapana, nitashona mwenyewe. Huyo mtu hakuwahi kushona kifungo tangu nimjue." Aliigeukia amplifaya. "Huo waya ukitoka, sauti inakuwa kubwa?"

"Inakuwa kubwa, mama. Kubwa sana."

"Ni ule mwaka alianza kuniambia nisimame upande wa kulia nikitaka kumwambia kitu. Nikafikiri ni maringo ya uzee." Aliweka kiganja juu ya sanduku la chuma, akakiacha pale. "Alikuwa anafundisha kwaya na hasikii. Na hakuniambia."

Omagor alikuwa amedhani mwalimu alipenda tu besi iliyofura. Hakuwa amefikiria masikio. Akaufunga waya tena kwa utepe polepole, wimbo ukiendelea, na hakuna aliyeizima mashine.

Derrick alimsindikiza hadi barabarani. Watu wa kwaya walikuwa wakija kwa makundi, na baadhi yao, walipomwona fundi, walipunguza sauti.

"Nilikuwa nimeshawaambia," Derrick alisema, akisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu. "Wote. Hata chifu."

"Basi waambie tena."

"Nitawaambia. Lakini mambo ya waya, mzee, wengine hawataelewa. Mwizi ndiyo rahisi kuelewa."

"Najua," Omagor alisema. "Hata mimi nilikuwa nimeelewa hivyo."

*

Jumatatu alipita Busia kwanza, akaweka furushi la magazeti mbele ya Sulaiti.

"Ziliimba?"

"Ziliimba sawa na zilizokuwamo; kosa lilikuwa waya nilioulehemu mimi. Wewe hukuiba kitu. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa najua sikuiba," Sulaiti alisema, akizihesabu kwa kidole. "Si mimi unayefaa kuniambia."

Alifika Malaba saa tano, jua limeshakaza. Mbele ya kibanda cha Hasina palikuwa na wanawake wanne kutoka Tororo, wakivuta vitenge, wakibishana kwa Kiganda kuhusu rangi ya sare ya harusi. Omagor alisimama pembeni, akasubiri amwone. Hasina alimwona. Mikono yake iliendelea kukunjua.

"Mama Fahad, nimekuja kukuambia jambo."

"Nina wateja."

"Nitasubiri."

"Basi usinisimamie hapo kama askari. Simama nyuma yao."

Akaenda nyuma yao. Wa kwanza alichukua muda, akabadilisha nia, akarudi kwenye kitambaa alichokikataa. Kwenye kibanda chake mwenyewe, hatua chache tu, mtu aliyeshika redio alichungulia, akaita "Fundi," akaita tena, kisha akaondoka. Omagor hakugeuka. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alikuja akasimama nyuma yake, akashangaa kidogo kumwona mzee yule kwenye foleni ya vitenge.

"Baba, wewe ndiye wa mwisho?" aliuliza.

Hasina aliinua macho.

"Nilikuwa wa mwisho," Omagor alisema, akasogea mbele nusu hatua, kumpa nafasi kwenye kivuli.